Mlango wa Eda

Jericho, Nairobi
Jumatatu, 2 Novemba 1987

Dada Muhiba,

Annah, mkewe Shitanda, alisema jana nje ya kanisa lao la Makongeni kuwa mumewe hajarudi nyumbani tangu Alhamisi. Alisema hayo tu, akajifunga kitambaa upya, akaingia kwenye ibada. Polisi wanasema hawana habari. Chama kinasema hakina habari.

Sasa salamu, kabla hujanikemea. Assalaam aleikum. Sisi wazima. Wifi yako Lela amepona mguu na amerudi kuuza vitambaa vyake Gikomba. Hujambo wewe? Nakupa pole tena kwa kifo cha shemeji. Eda ni ndefu kwa mtu aliyezoea kutembea kama wewe, lakini Mungu atakufanyia wepesi. Natumaini jirani yako Ruqiyo bado anakuendea sokoni.

Ninachojua ni hiki. Jumatano Shitanda alisimama Bungeni akauliza ni nani aliyepewa ardhi ya Kijiji cha Bomba, na kwa nini wakazi wameambiwa wahame. Alijibiwa kuwa jambo hilo linachunguzwa. Alhamisi jioni gari jeupe lilisimama mbele ya ofisi yake ya jimbo. Lenah, kiongozi wa kina mama wa kijijini, alikuwa mlangoni. Anasema Shitanda aliingia garini kwa miguu yake mwenyewe. Alimwambia, "Funga ofisi, Lenah. Ufunguo kaa nao."

Mhariri ameniagiza niandike wasifu wake: alikotoka na kazi yake ya umma. Wasifu wa mtu aliyepotea huandikwa ukawekwa kwenye droo. Unajua unangoja nini humo. Alizaliwa siku moja na mimi au wiki moja? Mama alimchukua lini? Na ile tabia yake ya kukinga kiganja cha kushoto chini ya kila bomba aliitoa wapi? Kumbukumbu zangu za utotoni haziaminiki. Zako ninaziamini.

Mdogo wako,
Haji

*

Mumias
12 Novemba 1987

Mdogo wangu Haji,

Waaleikum salaam. Barua imefika, na kama kawaida yako, habari kwanza, dada baadaye. Hata siku ya kufa kwangu utaandika mahali na saa, ndipo uulize kama nilikunywa uji. Mimi mzima, alhamdulillahi. Nimekaa ndani na nguo zangu nyeupe, na Ruqiyo ananiletea mboga na umbea.

Unataka wasifu. Andika. Andati, baba yake, alikuwa fundi wa reli, akikaa chumba kimoja Muthurwa. Mkewe alijifungua Shitanda akafa kesho yake. Wewe ulikuwa na siku tisa. Andati alikuja Majengo amemfunga mtoto ndani ya koti la kazi, akasimama mlangoni kwa Mama. Mama aliuliza, "Huyo naye amekula?" Akaketi, akakuweka wewe ziwa la kulia na yeye la kushoto. Hivyo mkakua. Baba alipenda kusema wewe ulikuwa ukilia na yeye akinyonya.

Miaka miwili alinyonya kwa Mama. Andati alipomrudisha Muthurwa, Mama alimwambia, "Dini yake ni yako, sitaigusa. Lakini ujue huyu ni ndugu wa wanangu sasa. Hatamwoa kamwe huyu binti yangu." Mimi nilikuwa msichana wa miaka tisa, nikacheka, maana alikuwa na kamasi.

Kuhusu kiganja: Muthurwa walikuwa na bomba moja kwa safu nzima, na maji yalikuwa yakija na kwenda. Baba yake alikuwa akimtuma aende kupima kwanza, ili asibebe ndoo bure. Akikinga mkono wa kushoto, wa kulia umeshika ndoo. Basi. Hakuna hadithi kubwa hapo.

Mwambie Annah asiache kula. Mwambie ni mimi nimesema, tena mara mbili.

Dada yako,
Muhiba

*

Jericho, Nairobi
Jumapili, 6 Desemba 1987

Dada Muhiba,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii inakukuta salama. Huku mvua imenyesha siku nne na matope ya Dandora yamefika hadi viatu vya mhariri. Lela anakusalimu.

Wasifu nimeumaliza. Nimeandika kuwa alikuwa karani wa chama cha wafanyakazi katika Eneo la Viwanda, na kwamba aliwahi kufukuzwa kazi kwa kumwambia meneja kuwa choo kimoja hakitoshi watu mia tatu. Nimeandika kuwa alikuwa diwani mwaka wa 1974, na mwaka uliofuata akawaletea maji watu waliojenga vibanda kando ya mto, ndipo mahali pale pakaitwa Kijiji cha Bomba. Kuwa aliingia Bungeni 1979, akarudi 1983. Kuwa viwanja vya Dandora vilipogawanywa alikataa kuchukua hata kimoja. Hilo nimeliuliza kwa watu ambao hawampendi, nao wamekubali.

Kuna jambo ambalo sikuliandika, maana gazeti haliandiki mizimu. Wewe nakuandikia.

Gachanja, anayeuza mkaa karibu na bomba, anasema alimwona Shitanda asubuhi ya tarehe 17 Novemba. Alikuwa na koti la kahawia. Alikuwa ameinama, mkono wa kushoto chini ya maji. Gachanja alimwita, "Mheshimiwa!" Hakugeuka. Gachanja akaweka chini gunia, akainua macho, hapana mtu. Teresiah, wa mandazi, alimwona wiki iliyofuata, mahali palepale, mkono uleule. Nilimuuliza kama alikuwa amezungumza na Gachanja. Akanijibu, "Huyo? Ananidai. Sijampitia mwezi mzima." Mpiga debe mmoja wa stendi ya Dandora naye aliniambia, "Buda, nilimwona vile nakuona. Lakini maji yalikuwa yanapita kwa mkono, hayaguswi." Nilimuuliza maana yake. Alisema hajui, ndivyo alivyoona.

Sijasema naamini. Nasema watu watatu wasiosemezana wameniambia jambo moja.

Na mawili mengine. La kwanza, bahasha ya barua yako ilikuwa na gundi mara mbili, na gundi ya pili si yako. La pili, mimi kazi yangu ni kusikiliza yale watu wasiyouliza. Nilikuandikia kuwa ndugu yetu amepotea. Ulinijibu kurasa mbili. Hukuuliza kama amepatikana.

Mdogo wako,
Haji

*

Mumias
20 Desemba 1987

Mdogo wangu Haji,

Waaleikum salaam. Nimefurahi kusikia mko salama. Hapa miwa inachomwa, na masizi yameingia hadi ndani ya sukari. Zahoro, mwana wa marehemu mume wangu, amehamia chumba cha uani ili nisikae peke yangu.

Kwa wale wanaosoma kabla yako, nawasalimu pia. Nawaomba wakimaliza wafunge vizuri, maana barua iliyopita ilifika na alama ya chai.

Sina habari kubwa. Mimi niko eda. Mlango wangu haupitwi na mwanamume ila maharimu wangu, wale wasioweza kunioa. Chifu alikuja wiki jana na askari wawili, akiulizia wageni. Ruqiyo alimwambia ndani kuna mjane wa eda. Chifu akavua kofia, akasimama palepale uani, akaniomba radhi kwa kelele za viatu, akaondoka na watu wake. Ni mtu wa heshima. Mama yake mwenyewe alikaa eda mwaka juzi.

Usisumbuke tena na posta, macho yangu yamechoka kusoma. Jama wa lori la sukari hulala Eastleigh kila mwisho wa mwezi. Salamu zako mpe yeye.

Dada yako,
Muhiba

*

Jericho, Nairobi
Jumapili, 31 Januari 1988
Kwa mkono wa Jama

Dada Muhiba,

Assalaam aleikum. Tunamshukuru Mungu, sote wazima. Lela amekutumia kanga ya rangi, avae dada akitoka eda, amesema. Ndiyo kanga iliyonifanya nihesabu.

Shemeji alikufa Ijumaa tarehe 11 Septemba. Miezi minne ya mwandamo na siku kumi: eda yako ilikwisha karibu tarehe 17 ya mwezi huu. Jama anasema alipopita kwako tarehe 26, Ruqiyo alimzuia mlangoni akamwambia, "Bado yuko eda." Jama alidhani umekosea hesabu. Mimi sidhani. Wewe ndiye uliyekuwa ukiwahesabia wajane wa Majengo wote, hata waliokuwa na waume wawili marehemu wakachanganya. Tena unajua kuliko mimi kwamba dini haimruhusu mjane kuongeza hata siku moja.

Basi nimejiuliza kama ninavyowauliza wengine. Ni nyumba gani ambayo askari haingii? Ni mwanamume gani, asiyezaliwa na Mama, anayeweza kukaa ndani ya nyumba hiyo bila mtu wa dini kunung'unika? Wanaomtafuta wamekwenda kwa ndugu zake wa Butere, kwa rafiki zake wa kiwandani, kwa wakwe zake. Hakuna aliyekwenda kwa binti wa mama aliyemnyonyesha, kwa kuwa hakuna anayejua. Mimi niliandika wasifu mzima na neno hilo nikaliacha. Sasa nashukuru.

Huku mambo ni haya. Chama kitateua wagombea Jumatatu tarehe 22 Februari, kwa mlolongo. Watu watapanga mstari nyuma ya picha ya wanayemtaka, nao watahesabiwa hadharani. Mpinzani ni yule mjenzi wa magorofa ambaye vijana wanamwita Kontrakta. Yeye ndiye aliyepewa ardhi ya Kijiji cha Bomba, sasa inajulikana. Lenah amepeleka fomu za Shitanda, ambazo alizitia sahihi mwezi wa Oktoba. Watu wa Kontrakta walipinga, wakisema mtu amekufa. Msimamizi wa uchaguzi aliwaambia mbele yangu, "Leteni maiti, nami nitalifuta jina." Hawakuleta. Nilimwona Kontrakta akitabasamu. Anaamini hakuna atakayepanga mstari nyuma ya mtu asiyekuwepo.

Kwa hiyo najua ni kwa nini neno lisitoke. Lakini kuna Annah. Kila jioni anapakua sahani mbili, yake na ya mumewe, asubuhi anampa ya pili mtoto wa jirani. Kanisa limemshauri wafanye ibada ya kumbukumbu. Amekataa. Aliniambia, "Haji, mimi sijui nivae nini. Mke ana nguo zake, mjane ana nguo zake. Mimi nivae za nani?"

Jambo la mwisho. Tangu katikati ya Januari hakuna aliyemwona bombani. Nimemuuliza Gachanja, nimemuuliza Teresiah. Teresiah alisema, "Amechoka kutungoja."

Dada, nakuuliza wazi. Yuko kwako? Yu hai?

Mdogo wako,
Haji

*

Jericho, Nairobi
Jumanne, 23 Februari 1988
Kwa mkono wa Jama

Dada Muhiba,

Assalaam aleikum. Jama alirudi mikono mitupu. Alisema ulimjibu kwa mdomo, ukiwa nyuma ya pazia: "Mwambie hesabu ni yangu." Nimekaa na maneno hayo wiki tatu. Natumaini u mzima.

Mlolongo ulifanywa jana katika uwanja wa mpira. Kontrakta alikuja na soda na bendi. Picha yake ilikuwa kubwa, yenye fremu, imeshikwa na vijana wawili. Picha ya Shitanda ni ile ya ukutani kwa Lenah, amekinga kiganja chini ya bomba siku lilipofunguliwa, anacheka. Lenah aliishika juu ya kichwa peke yake. Vijana wa Kontrakta walimwimbia, "Mama, unamngoja bwana harusi?" Aliinua picha juu zaidi. Alisimama dakika nyingi bila mtu nyuma yake.

Wa kwanza kusimama alikuwa Gachanja. Wa pili Teresiah, ingawa anamdai, au yeye ndiye anayedaiwa, sikumbuki. Halafu kijiji kizima kikaja, na Makongeni, na watu wa Kaloleni ambao bomba lile haliwahusu. Hawakuimba. Waliokuwa na kofia walizivua, na hakuna aliyewaambia. Annah alikuja saa nne, akasimama mwisho wa mstari kama mtu mwingine yeyote. Walipotaka kumpitisha mbele alisema, "Nimechelewa. Nitafuata."

Mstari wa Shitanda ulizunguka uwanja, ukatoka langoni, ukashika barabara ya kwenda mtoni. Wa Kontrakta ulifika goli la pili. Msimamizi alihesabu mistari yote miwili, akaingia kwenye gari la serikali, akakaa humo, akatoka. Alimtangaza Kontrakta.

Watu hawakupiga kelele. Hawakutawanyika pia. Waliendelea kusimama kwenye mstari mpaka askari walipowaambia mara tatu waende nyumbani. Nimeripoti chaguzi nyingi katika kazi yangu na sijawahi kuona hilo. Niliandika kuwa mstari mrefu zaidi ulikuwa wa nani. Leo gazetini sentensi hiyo haimo.

Lenah ameitundika picha pale bombani. Asubuhi hii walikuwa wakipanga foleni ya maji nyuma yake.

Kwa hiyo, dada, hakuna tena cha kulinda. Kijiji kimepewa notisi. Amebaki Annah.

Mdogo wako,
Haji

*

Mumias
Ijumaa, 26 Februari 1988
Kwa mkono wa Jama

Mdogo wangu Haji,

Waaleikum salaam. Mimi mzima wa mwili. Msalimie Lela, kanga nimeiona na sijaivaa.

Alikuwa kwangu. Amekufa.

Jama ndiye aliyemleta. Alimwokota alfajiri kando ya barabara kupita Limuru, ameketi juu ya jiwe kama mtu anayengoja basi. Alimjua kwa sura. Shitanda alimwambia, "Nipeleke Mumias, kwa dada yangu." Jama akasema, "Mheshimiwa, wewe una dada Mumias?" Akasema, "Wa ziwa." Jama ni Msomali, hakuhitaji kuelezwa zaidi. Ndiyo sababu Jama hakukuambia kitu miezi hii yote, hata ulipomlisha pilau. Usimkasirikie.

Mbavu zake zilikuwa zimevunjika na alikuwa akikohoa damu. Hakuniambia waliyomfanyia. Alisema tu waliona amekwisha, wakamshusha. Nilitaka kumwita daktari. Alikataa. Alisema daktari akiingia nyumba ya eda mji mzima utauliza nani mgonjwa. Nikamtii. Mlango uliomficha ndio uliomnyima dawa, na mimi ndiye niliyeushika. Hilo nitalijibu mbele ya Mungu, si mbele ya gazeti.

Alikaa chumba cha ndani. Mchana tulikuwa tukizungumza habari za Majengo, akinitania kwa zile kamasi. Kila asubuhi aliomba bakuli la maji, akatia kiganja cha kushoto, akafumba macho, akakaa hivyo. Nilidhani ni homa. Nilimuuliza anafanya nini. Alisema, "Napima kama yamekuja." Uliponiandikia habari za Gachanja na Teresiah nilimsomea. Hakushangaa. Aliuliza kama maji yalikuwa na nguvu.

Alifariki Jumatano tarehe 13 Januari, baada ya adhuhuri. Siku chache kabla alinishika mkono akasema, "Nikifa kabla ya mlolongo, sijafa. Unanielewa, Muhiba?" Nikamuuliza, "Na Annah?" Akasema, "Annah hawezi kudanganya hata muuza mboga. Akijua, watausoma uso wake." Nikamwambia, "Unaniachia mzigo." Akasema, "Mama yako alibeba wawili."

Nilimwosha mimi. Zahoro alichimba uani nyuma ya jiko. Sikumsalia sala yetu, kwa kuwa hakuwa wa dini yetu na sikutaka kumsemea uongo naye amekwisha kufa. Nilimwimbia ule wimbo wa shule yake ya Jumapili aliokuwa akituimbia Majengo mpaka Baba akaziba masikio. Nilikumbuka beti mbili tu.

Eda ilipokwisha, wanawake wangekuja kunitoa. Wangejaa uani, wangepika jikoni, wangeona udongo mpya. Kwa hiyo sikutoka. Kila siku tangu hapo nimevaa nyeupe isiyokuwa haki ya mume wangu. Wanadhani nilimpenda mno marehemu. Wacha wadhani.

Mwambie Annah. Usimwandikie, mwambie. Na akitaka kunitukana, mlete anitukane hapa, nimsikie.

Dada yako,
Muhiba

*

Jericho, Nairobi
Jumatano, 2 Machi 1988
Kwa mkono wa Jama

Dada Muhiba,

Assalaam aleikum. Barua imefika bila gundi ya mtu mwingine. Pole, dada. Nimekwisha kuandika neno hilo mara nyingi katika kazi yangu na sina jingine.

Nilimwambia Annah jana, jikoni kwake, sahani mbili zikiwa mezani. Alikaa. Aliuliza, "Kichwa kimelala upande gani?" Nikasema sijui. Aliuliza nani aliyemwosha. Nikamwambia. Akasema, "Basi aliguswa na mtu wake." Halafu akaichukua sahani ya pili, akala yeye mwenyewe, polepole, mpaka ikaisha. Hakukutukana. Sijui kama atakutukana huko. Amesema miezi minne ni mingi kumficha mwanamke mumewe, na kwamba hilo atakuambia uso kwa uso.

Anataka mumewe azikwe upya Butere, kando ya baba yake, na mchungaji awepo. Wakili amepeleka ombi la kufukua mwili. Mara tu ombi litakaposomwa mahakamani, kifo hiki kitakuwa habari ya watu wote, na watakuja kukuuliza. Wajibu kama ulivyoniandikia mimi. Usiongeze, usipunguze.

Wasifu umetoka kwenye droo. Nimeongeza tarehe ya kufa na mahali. Pale palipoandikwa "ameacha mke na watoto wanne" nimeongeza "na ndugu wawili wa kunyonya, Muhiba na Haji." Mhariri aliuliza kama hilo lina umuhimu wowote. Nikamwambia liache. Ameliacha.

Asubuhi hii nilipitia Kijiji cha Bomba, kwa kuwa matingatinga yanatarajiwa wiki ijayo. Picha bado imetundikwa. Hapakuwa na mtu. Bomba lilikuwa limeachwa wazi na maji yalikuwa yakitoka kwa nguvu. Nililifunga.

Annah, Lenah na mimi tutapanda basi Jumamosi tarehe 5, tutafika kwako jioni. Waambie wanawake waje wakutoe eda Jumapili asubuhi, wapike jikoni, wajae uani. Ombi litasikilizwa Alhamisi, tarehe 10 Machi, saa tatu.

Mdogo wako,
Haji